Shangazi, nipige kelele ama ninyamaze?

Habari yako Shangazi. Juzi niliingia duka moja la nguo hapa tao nikitafuta ya kuvaa harusi ya kasini, kabla hata niguse hanga yule dada wa kuuza akaniangalia juu chini akaniambia "hapa hatuleti saizi yako siz", mbele ya wateja wengine. Nimeandika yote kwa simu nataka kuposti na jina la duka, lakini marafiki wanasema nitajiaibisha bure, eti hakuna duka limewahi kubadilika juu ya kelele za watu. Ni ukweli?
Msomaji, Umoja

Pole sana binti yangu, hapo ulikosewa adabu na hakuna mjadala. Ila hao marafiki wako hawajui ya Abercrombie & Fitch, wale Wamarekani ambao tisheti yao ukiiona soko la mitumba la Toi ikiwa kamera, yaani safi kama mpya, huachilii. Mkubwa wao Mike Jeffries aliambia jarida la Salon mwaka wa 2006 kwamba nguo zao ni za vijana warembo wenye marafiki wengi, wengine hawawahusu, na kama huko ni kubagua watu basi akakubali bila kupepesa macho. Ikapita hivyo tu. Kufika 2013 maneno yakafukuliwa, watu wakaangalia rafu wakakuta suruali za wanawake zinaishia saizi 10, XL ya mwanamke hakuna (ya wanaume ilikuwepo, ebu fikiria!), na H&M hapo kando wanafika 16. Moto ukawaka. Mwanablogu Jes Baker, mwenyewe mnene, akapiga picha na modeli wa kiume akiwa amevaa tisheti yao, akageuza matangazo yao yakasomeka "Attractive & Fat". Jeffries akaomba msamaha nusunusu, Novemba mwaka huohuo kampuni ikasema italeta saizi kubwa, na Desemba 2014 akatoka.

Sidhani ni aibu iliwasukuma lakini, mauzo yalikuwa yanashuka, na kelele ya mwenye pesa mkononi husikika haraka. Kwa hivyo posti. Andika vile uliambiwa, neno kwa neno, usitukane na sura ya huyo dada usiiweke, yeye ameajiriwa tu, anayeagiza saizi ni tajiri wake. Muulize huyo tajiri mbele ya watu: nguo zenu zinaishia namba ngapi? Akijibu 12 wengi wetu tutajua pa kutopeleka pesa.

Shangazi jinzi ikinitosha mapaja kiuno kinabaki wazi mkono mzima unaingia, nifanyeje?
Msomaji, Kasarani

Nunua ya mapaja, kiuno ni kazi ya fundi. Mwambie afungue mkanda apunguze nyuma katikati, asishone pembeni, maana mifuko itavutika vibaya. Na uifue kwanza kabla hajakata, jinzi ya pamba tupu hurudi ikiguswa na maji.