Tairi la Kazi Husomwa Ubavuni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe. Amenunua Prado iliyotumika, imekuja na matairi ya lami ambayo kashata zake, yaani yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zimebaki kidogo, naye anataka kuifunga A/T, matairi ya njia mchanganyiko za lami na za porini, kabla ya kuipeleka familia yake Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka. "Shikamoo mzee," aliandika, "naomba unitajie tairi moja tu lenye kashata za kutisha, nisije nikaaibika porini." Nilimjibu kwa simu siku hiyo hiyo, lakini swali lake huletwa kwangu na watu wengi, na karibu wote huanzia kwenye kashata, kwa hiyo nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu kama nilivyolijifunza mwenyewe, na sikujifunza kwa raha.

Kabla ya kuwa na magari yangu hapa Arusha nilikuwa dereva wa kampuni moja ya utalii. Tuliendesha zile Land Cruiser zilizorefushwa, zenye viti saba na paa la kuinuka, zikiwa zimebeba wageni, mabegi, maji, kuni za kambini na mara nyingine mpishi na vyombo vyake. Tajiri wetu alipenda gari lipendeze. Alinunua matairi mapana ya A/T yenye herufi kubwa nyeupe ubavuni, akayapigia picha uani, na sisi madereva tukaambiwa tuyatunze kwa sababu yamegharimu fedha nyingi. Katika lami ya Makuyuni hadi Karatu yalikwenda vizuri, na hata kule juu, kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti, ambako barabara ya vumbi imejaa mawimbi yanayotikisa meno, hayakuwa na tatizo kubwa zaidi ya kelele.

Tatizo lilikuja katika njia ya Ziwa Natron. Anayeifahamu njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Engare Sero anajua kwamba ile ni nchi ya volkano: majivu laini yanafunika mawe, na mawe yenyewe ni meusi, yana kingo kali, hayajasuguliwa na mto wala na wakati. Tairi la nyuma kushoto lilichanika ubavuni, na lile la akiba lilipofungwa nalo likachanika kabla hatujauona mlima Ol Doinyo Lengai vizuri. Wageni walikaa juani hadi gari la kampuni nyingine lilipotusaidia. Fundi pancha tuliyemfikia baadaye aliingiza mkono kwenye mpasuko wa tairi la kwanza, vidole vikatokea ndani, kisha akalivingirisha mpaka akapata maandishi madogo karibu na rimu, akayafuta vumbi kwa mate na kidole gumba, akaniambia nisome. Palikuwa na neno SIDEWALL, mbele yake namba 1, kisha POLYESTER. Tabaka moja tu la uzi ndilo lililokuwa limesimama kati ya upepo na yale mawe, chini ya gari lenye uzito wa tani kadhaa.

Niliporudi mjini nilikatwa mshahara kwa ajili ya matairi yote mawili. Sababu iliyoandikwa ilikuwa uzembe wa dereva. Nilijaribu kumwonyesha tajiri yale maandishi, akaniambia kwamba yeye si msomaji wa matairi. Leo ninayo magari yangu, madereva wangu wanapita njia ile ile ya Natron, na matairi yao hurudi nyumbani yakiwa yameisha kashata, jambo ambalo ndilo kifo cha halali cha tairi. Nakiri kwamba kila gari linaporudi salama huwa namkumbuka tajiri yule, na sina hakika kwamba huwa namkumbuka kwa wema.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wengine mnaosoma, acheni kashata kwanza. Chuchumaeni, msome ubavu. Prado nyingi hutoka na saizi ya 265/65R17, na baada ya hapo huja namba kama 112 na herufi kama S. Wauzaji wengi huishia kwenye saizi: upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ile 112 hawaitaji, nayo ndiyo inayosema tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. 112 ni kilo 1,120. 121 ni kilo 1,450. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu kabisa, S ikiwa kilomita 180 kwa saa na Q ikiwa 160, na hiyo haimsumbui mtu anayekwenda porini.

Sasa tuseme una gari la watalii ambalo likijaa linafikia tani tatu na nusu, na sehemu kubwa ya mzigo, tuseme asilimia 60, iko nyuma. Ekseli ya nyuma inabeba kilo 2,100, kila tairi kilo 1,050. Ukifunga tairi la 112 umebakiza kilo 70 tu za nafasi, na hapo gari limesimama kwenye sakafu ya gereji. Likitumbukia kwenye korongo mzigo huo huongezeka ghafla, na huegemea upande mmoja. Hesabu hii nilipaswa kufanyiwa na mwenye kampuni, sikupaswa kuifanya mimi usiku, nikiwa nimekatwa mshahara.

Tairi lililotengenezwa kwa mizigo huanza na herufi LT kabla ya saizi, kwa mfano LT265/70R16 yenye namba 121/118, ya kwanza ikiwa ni ya gurudumu moja moja na ya pili ikiwa ni ya magurudumu pacha. Mengi ya aina hiyo ni ya daraja E la mzigo, yaani nguvu inayolingana na ya tairi la plai (tabaka) 10, na baadhi yana tabaka tatu za uzi ubavuni. Jina la mtengenezaji halikupi jibu hili. BFGoodrich wamekuwa wakitengeneza A/T tangu 1976 na sifa yao ni kubwa, lakini angalieni mfano wa Yokohama Geolandar A/T au General Grabber: jina ni hilo hilo, kashata ni zile zile, lakini kuna la gari la familia na kuna la LT, na dukani hupangwa rafu moja. Muuzaji akikuletea la bei nafuu kidogo la "aina hiyo hiyo", chuchumaa tena.

LT nalo lina gharama zake, na sipendi washauri wanaozificha. Ni zito zaidi, hivyo gari hunywa mafuta zaidi na hurukaruka likiwa tupu. Pia huhitaji upepo mwingi zaidi kuliko tairi la kawaida ili libebe uzito ule ule, kwa hiyo namba iliyobandikwa mlangoni mwa gari haitoshi tena, na anayeifuata bila kufikiri hulipasha tairi moto kwenye lami. Kijana wa Mwanza nilimwambia ukweli: kwa mke, watoto wawili na begi la nguo, uzito wake haudai LT. Kama safari zake zitaishia Seronera, katikati ya Serengeti, A/T ya kawaida ya saizi ile ile ya kiwandani, ya 112 au zaidi, inamtosha. Akitamani Natron, au njia za mawe za kaskazini mwa Kenya kule Marsabit, hapo anunue LT, na anainunua kwa ajili ya ubavu wake.

Hakuridhika. Sasa alitaka M/T, yaani tairi za matope, zile zenye kashata nene zilizoachana, kwa sababu ameambiwa kwamba upande wa Ndabaka kuna matope. Ni kweli, ukanda wa magharibi wa Serengeti una udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa kinamasi cha Silale kule Tarangire, na udongo huo ukilowa hujaa kwenye kashata za A/T hadi tairi linakuwa duara laini la tope linalozunguka bila kushika chochote. M/T hujisafisha vizuri zaidi kwa sababu nafasi zake ni pana. Lakini hesabuni kilomita zenu. Kutoka Mwanza hadi Ndabaka ni lami tupu. Kutoka Arusha hadi lango la Ngorongoro ni lami. Arusha hadi Babati na Dodoma ni lami. Kwenye lami M/T huvuma masikioni na kuisha haraka, na mvua ikinyesha hushika breki vibaya zaidi kuliko A/T, kwa kuwa mpira unaogusa barabara ni mdogo. Kumfungia mtu M/T kwa sababu ya tope la mara moja kwa mwaka ni kumvalisha mabuti ya shamba kwa safari ya kwenda kanisani. Tope la mbuga likiwa limelowa sawasawa, hata M/T hukwama, na dereva mwenye akili huuliza hali ya njia langoni kabla hajaingia.

Upana ni ugonjwa mwingine wa wapenda picha. Ukilinganisha 235/85R16 na 265/75R16, vimo vyao karibu ni sawa, kama milimita 805 hivi, lakini la kwanza ni jembamba kwa sentimita tatu. Jembamba hupasua tope jepesi na kufika chini kwenye udongo mgumu, huonyesha mawe ubavu mdogo zaidi, na halikwaruzi madigadi ukikata kona kali. Pana hufaa mchangani, na wakazi wa pwani wanaweza kuwa na sababu ya kulipenda. Mimi kwa Land Cruiser za kazi nimebaki na jembamba, na wenzangu kadhaa wamenicheka kwa kuwa eti magari yangu yanaonekana kama ya shirika la misaada. Waendelee kucheka. Kumbukeni pia kwamba ukiongeza kimo, mshale wa mwendo unakudanganya: ukitoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, ukiona 100 unakwenda 103 na ushee.

Matairi manne lazima yawe ya saizi moja na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana, hasa kwa Prado, ambayo magurudumu yake yote huvuta wakati wote na ina difu ya katikati inayoumia pale vimo vinapotofautiana. Anayefunga mapya mawili nyuma na kuacha vipara mbele ameokoa fedha za tairi ili azipeleke kwa fundi wa giaboksi.

Baada ya kununua, kazi kubwa inayobaki ni upepo, na hapa naomba msikilize hata kama yote yaliyotangulia mmeyapuuza. Kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi madereva wangu hushuka hadi kama pointi (psi) 28 au 30 kutegemea mzigo, na mchangani hushuka hadi 20 au chini kidogo, kwa mwendo mdogo. Kwenye mawe makali hawashuki sana, kwa sababu tairi lililolegea huvimba pembeni na kuupeleka ubavu kwenye jiwe lenyewe. Wakirudi kwenye lami hujaza kabla ya kushika kasi. Kipimo ni rahisi: pima tairi likiwa la baridi asubuhi, lipime tena baada ya saa moja ya safari. LT likipanda zaidi ya pointi sita hivi, au la kawaida zaidi ya nne, uliliondoa nyumbani likiwa na upepo mdogo au mzigo umezidi. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vile vya vituo vya mafuta vimeanguka sakafuni mara nyingi mno. Na wenye magari wenzangu, mnaowakata madereva mishahara kwa tairi lililochanika, someni kwanza ubavu wa tairi mlilowapa, kisha muulize kama mliwapa pampu. Kama hamkuwapa, ninyi ndio mnaodaiwa.

Mwisho ni umri. Tafuteni neno DOT ubavuni, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne: 3219 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi jipya dukani lililozaliwa miaka sita iliyopita silinunui, liwe limepunguzwa bei kiasi gani. Kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, la kuangaliwa kwanza ni la akiba. Mara nyingi ni lile lile lililotoka kiwandani na gari, kashata zimejaa, vinyweleo vya mpira bado vimesimama, mwenye gari anajivuna kwamba ana spea mpya, kumbe mpira umekauka na una nyufa kwenye mikunjo ya ubavu. Kama limefungwa chini ya sakafu ya nyuma, lishushe nyumbani kwa kile chuma chake cha kuzungushia, maana mnyororo unaolishikilia hushika kutu na hugoma kushuka, na ukigoma ukiwa uani bado unaweza kumwita fundi. Ukinunua A/T, nunua tano.