Botvinnik aliwafundisha nini Karpov na Kasparov?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19. Nacheza sataranji kwenye simu, kila siku michezo kumi au zaidi, kila mmoja wa dakika tatu, lakini mwaka mzima sijapanda kiwango. Nasikia mabingwa wa dunia Karpov, Kasparov na Kramnik wote walipita kwa Mikhail Botvinnik, bingwa wa zamani wa Kisovieti. Aliwafundisha nini? Na asiye na kocha anaweza kuifuata njia hiyo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote.

Wengi hudhani Botvinnik aliwapa siri za ufunguzi, yaani hatua za kwanza za mchezo. La. Aliwapa kazi ya nyumbani. Wanafunzi wake walikutana naye mara chache tu kwa mwaka. Kila mmoja alikuja na michezo yake aliyoichambua kwa maandishi, akaieleza mbele ya wenzake, ikakosolewa, akarudi kwao na kazi nyingine. Kasparov alijiunga mwaka 1973 akiwa na miaka 10.

Njia hiyo Botvinnik aliijaribu kwanza juu ya nafsi yake. Alikuwa mhandisi wa umeme, na makosa yake aliyakagua kama fundi anavyokagua mtambo uliozima. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948. Mwaka 1957 Smyslov akamnyang'anya. Mwaka uliofuata akaurudisha. Mwaka 1960 akachapwa na Tal, kijana wa miaka 23 aliyetoa kete kafara bila woga. Botvinnik akakaa na michezo ile, akaona kwamba Tal hutisha pale ubao unapokuwa wazi na kete zimevurugana. Mwaka 1961, akiwa na karibu miaka 50, alimvuta kwenye ubao uliofungwa na kwenye hatua za mwisho za mchezo, kete zinapokuwa chache, akashinda kwa pointi 13 kwa 8. Kila nikisoma michezo ya mechi ile nastaajabu upya.

Alisisitiza pia kuchapisha uchambuzi wako ili wengine waupinge. Hapa kuna kisa ambacho huwasimulia wanafunzi wangu wote. Mwaka 1962 huko Varna, Bulgaria, alicheza na Mmarekani Bobby Fischer. Mchezo uliahirishwa hadi kesho yake, wamebakiwa na kete chache, ngome na askari, Fischer akiwa mbele kwa askari mmoja. Usiku ule Botvinnik na wenzake walichimba wakapata njia ya kujiokoa, ikawa sare. Baadaye Fischer aliandika kwamba kulikuwa na ushindi alioukosa. Botvinnik hakununa. Aliwapa wanafunzi wake msimamo ule waufanyie kazi, na Kasparov, mvulana wa miaka 13, ndiye aliyeleta utetezi dhidi ya hoja ya Fischer.

Naye mwalimu alikosea. Inasimuliwa kwamba Karpov alipofika kwake akiwa mtoto, Botvinnik hakumwona kuwa na mustakabali. Mwaka 1975 Karpov akawa bingwa wa dunia. Kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote, hata mimi, akupimie kipaji kwa kukutazama siku moja.

Sasa wewe. Michezo ya dakika tatu haikupi cha kuchambua, kwa sababu hukufikiri chochote cha kuandika. Cheza miwili kwa wiki, nusu saa kila upande. Ukimaliza, usifungue programu ya kompyuta. Chukua daftari uandike: ni wapi nilikaa muda mrefu, niliogopa nini, mpango wangu ulibadilika hatua ya ngapi na kwa nini. Siku ya pili ndipo uiulize kompyuta, na alama nyekundu uiweke pale maneno yako yalipotofautiana nayo. Hiyo alama ndiyo somo lako la wiki.

Kama huwa unaishiwa na muda wa saa kabla mchezo haujaisha, Botvinnik alikuwa na dawa: cheza michezo ya mazoezi ambayo lengo lake ni kuitunza saa peke yake, matokeo uyasahau. Moshi wa sigara ulimsumbua mashindanoni, basi akacheza mazoezi na rafiki yake Ragozin akimpulizia moshi usoni. Wewe kama kelele za nyumbani zinakuvuruga, fanya mazoezi sebuleni redio ikiwa imewashwa.

Anza na mchezo wa mwisho uliopoteza. Andika kurasa mbili, kisha mpe mchezaji anayekuzidi na umwombe atafute ulipokosea.