MAGAZIJUTO haitoshi: kwa wewe unayeanza kuandika programu

Wengi wetu tulikuja kwenye programu na MAGAZIJUTO kichwani: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Darasani ilitufaa. Kwenye lugha ya Python ilinipotosha mapema.

Chukua 10 - 4 + 3. Ukiifuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi, utajumlisha kwanza 4 na 3, kisha utatoa 7 kwenye 10, ubaki na 3. Python itakupa 9. Kujumlisha na kutoa vina ngazi moja, na vikikutana hesabu huanzia kushoto. Kuzidisha na kugawanya ni hivyo hivyo: 100 * 7 // 2 (// ni kugawanya na kuacha masalio) ni 350, wala si 300. Kipeo (**) ndicho huanzia kulia, kwa hiyo 2 ** 3 ** 2 ni 512. Na -2 ** 2 ni -4, maana kipeo huishika 2 kabla ya alama ya hasi. Hesabu hiyo hiyo ukiiandika kwenye Excel, =-2^2, unapata 4. Kila lugha ina jedwali lake la ngazi. Lisome kabla hujaandika mengi.

Kosa lililonikalisha siku mbili, hata hivyo, halikuwa la hesabu. Nilikuwa natengeneza programu ya ada za shule, nikataka kuwaondoa kwenye orodha ya wadaiwa waliolipa na waliosamehewa. Nikaandika:

if hali == "amelipa" or "amesamehewa":

Wanafunzi wote wakatoka kwenye orodha. Programu haikulalamika popote. Nikakagua hifadhidata, nikakagua majina, nikaanza hata kumshuku aliyeingiza taarifa, naye hakuwa na kosa. Kumbe == iko ngazi ya juu kuliko or, kwa hiyo Python iliona mambo mawili: hali ni sawa na "amelipa", au neno "amesamehewa" likiwa peke yake. Na kwa Python, neno lolote lisilo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Andika hali == mara mbili, au hali in ("amelipa", "amesamehewa"). Narudia hili kwa kila anayeanza kwa sababu mazungumzo yetu yenyewe yanatuponza: ukisema "kama hali yake ni amelipa au amesamehewa", hakuna asiyekuelewa.

Zingatia pia kwamba and ikikuta upande wa kushoto si kweli, haiendi kulia kabisa. Ndiyo maana idadi != 0 and jumla / idadi > 50 ni salama. Geuza pande hizo, na siku idadi ikiwa sifuri programu itasimama.

Tena, ngazi haisemi nani aitwe kwanza. Kwenye a() + b() * c(), Python huita a, kisha b, kisha c, ndipo izidishe na kujumlisha. Lugha ya C haikuahidi mpangilio wowote wa kuziita.

Na ukihamia C, chunga alama inayolinganisha namba biti kwa biti, yaani &. Kwenye Python, x & 1 == 0 huuliza kama x ni shufwa. Kwenye C, == hutangulia, na jibu ni 0 siku zote. Dennis Ritchie, aliyeiunda C, alieleza kwamba ngazi hiyo ilirithiwa kutoka lugha ya B, ambayo haikuwa na alama ya 'na' ya kimantiki, yaani &&; walipoiongeza, waliona ni salama zaidi kuiacha & pale ilipokuwa. Kwa hiyo kwenye C andika (x & 1) == 0, na mabano hayo usiyaondoe.