Usumbufu una miguu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la nguo hapa Tanga, nataka kubandika tangazo ukutani. Niandike "Nguo ikishauzwa hairudishwi" au "hairejeshwi"? Jirani yangu anadai hilo la kwanza ni la mtaani.

JIBU: Marahaba. Andika lolote kati ya hayo. *Rudi* ni la Kiarabu, *radda*, na *rejea* ni la huko huko, *raja'a*. Wote wageni, wote wameoa hapa na kuzaa. Jirani aache kujitia ushekhe. Ila usiandike "hairudi", maana gauni si mbuzi wa kujua njia ya zizini.

Tangazo lako ni kavu, lakini kauli yake naielewa. Hata lile la dukani kwa Mangi, "Leo kulipa, kesho kukopa", linakunyima unga likikutazama usoni. Linalonipandisha presha ni hili la maofisini: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Utakaojitokeza! Hiyo *ji-* ni kirejeshi: mtendaji anajitenda mwenyewe. Mashahidi hujitokeza. Wapiga kura hujitokeza kwa wingi, wengine tangu alfajiri, na viti vyao vya plastiki. Sasa usumbufu nao umeamka, umenawa uso, umevaa kanzu, ukatoka kwa hiari yake kuja kumsimamia mteja kichwani? Mwenye ofisi hayumo kabisa katika sentensi. Mtoto wako akivunja sahani akakwambia "Mama, naomba radhi kwa mpasuko uliojitokeza," utamwacha?

Na hapo bado hatujagusa hiyo *-taka-*. Wakati ujao! Kumbe wanajua unakuja, wameuandalia na karatasi, wameilaminisha kabisa ili idumu miaka. Halafu "wowote", yaani mteja achague mwenyewe.

Kiswahili sanifu cha jambo hili ni kifupi: "Tutawasumbua. Tusameheni." *Sumbua* ni kitenzi kinachotaka msumbuaji na msumbuliwa, na wote wawili wapo pale, kila mmoja upande wake wa kioo.

Najua nimeshashindwa. Siku hizi nasikia hata misibani watu wanaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, pilau likichelewa. Kamusi zinalikubali *jitokeza*, nami silikatai, ila nalitaka kwa wenye miguu.

Mwezi uliopita nilikaa mbele ya dirisha moja lenye karatasi hiyo, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kijana wa ndani alikuwa anakula andazi. Nikagonga kioo, nikamuuliza kwa adabu kama usumbufu umeshajitokeza au tuendelee kuungoja.

Akafuta mdomo. "Bado, mzee. Rudi kesho."