Must not na don't have to

Mdogo wangu, unauliza kwa nini mgeni wako hapo Bagamoyo alikasirika ulipomwambia "You must not walk to Kaole", wakati ulitaka ajue si lazima atembee, bodaboda zipo. Ulimpiga marufuku! Ungesema "You don't have to walk". Katika kukubali, must na have to (zote "lazima") hukaribiana sana kwa maana. Ukikanusha ndipo zinapoachana. Must not hukataza, don't have to humwachia mtu hiari. Shika hilo kwanza, maana mgeni anafuata kauli yako. Kwa mambo ya jana tumia had to: "We had to wait." Need (kuhitaji) nayo hudai to, "You need to rest", lakini needn't huiacha: "You needn't rest."