Maswali ya wasomaji: Faili la mitetemo linagoma kwenye Seismic Unix

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Tumepima mitetemo ya ardhi upande wa Pongwe kwa nyundo na jiofoni (vihisi vya mtetemo) 24, moja kila mita 2.5, tukitafuta kina cha mwamba. Kila treisi (rekodi ya jiofoni moja) ina sampuli 1,000. Faili la SEG-Y (muundo wa kuhifadhi data za mitetemo) limesomeka kwa segyread ya Seismic Unix, programu za kuchakata data hizo, ila mawimbi yana vilele vilivyokatika ovyo. Halafu nikiweka programu yangu ya Python kati ya segyread na sufilter (ya kuchuja mawimbi), sufilter inalalamika kuwa treisi ya pili haina idadi ya sampuli sawa na ya kwanza. Tatizo ni nini? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Hayo ni matatizo mawili, ndugu yetu, na hayahusiani.

Tuanze na vilele. SEG-Y hufungua kwa baiti 3,200 za maandishi na 400 za vipimo, na baiti ya 3225 na 3226 ndizo zinazotaja aina ya namba: 1 ni desimali za IBM, 5 ni za IEEE, njia mbili tofauti za kuandika desimali kwenye kompyuta. Zisome hivi:

od -An -j 3224 -N 2 -t u1 faili.sgy

Ukiona "0 1" huku data yenyewe ni IEEE, umempata mchawi. Kuna vifaa vinavyoandika IEEE na kuacha 1 kwenye kichwa, yaani zile baiti za mwanzo. Alama ya chanya na hasi hukaa mahali pamoja katika aina zote mbili, ndiyo maana wimbi linaonekana-onekana lakini ukubwa wake si wenyewe. Mpangilio wa baiti ungekuwa ndio uliogeuzwa, usingeona wimbi lolote, ni vurugu tupu. Lazimisha aina sahihi:

segyread tape=faili.sgy over=1 format=5 | segyclean > a.su

Sasa Python. Faili la SU (la Seismic Unix) halina zile baiti 3,600 za mwanzo. Ni kichwa cha baiti 240, sampuli, kichwa kingine, sampuli, hadi mwisho. Kwa hiyo a.su lazima iwe na baiti 24 × (240 + 4 × 1,000), yaani 101,760. Pima kwa ls -l faili linalotoka kwenye programu yako. Likiwa na 197,760, numpy (maktaba ya hesabu ya Python) imebadilisha sampuli kuwa za baiti 8, nawe umeziandika hivyo hivyo; weka astype('<f4') kabla ya kuandika. Likizidi kwa baiti chache tu, kuna print imesahaulika humo, na maneno yake yameingia katikati ya data. Ujumbe wote upeleke sys.stderr. Kusoma na kuandika kupitie sys.stdin.buffer na sys.stdout.buffer, na zile baiti 240 zirudishwe kama zilivyokuja.

Hiyo '<' nayo, inayosema baiti ndogo hutangulia, usiiamini kabla ya kupima:

od -An -j 114 -N 2 -t u1 a.su

Kwa sampuli 1,000 utaona "232 3". Ukiona "3 232", Seismic Unix yako ilijengwa na XDR (mfumo unaotanguliza baiti kubwa), basi tumia '>f4', na namba za kichwani zisome kwa mpangilio huohuo.

Hukuuliza umbali, lakini utakusumbua. Sehemu za kichwa ni namba kamili, 2.5 haiingii. Andika sentimita kwenye gx (nafasi ya jiofoni), na scalco ya -100 iseme namba hizo zigawanywe kwa 100:

sushw key=gx,scalco a=0,-100 b=250,0 j=24,24 < a.su > b.su

Nafasi ya nyundo (sx) nayo iwe sentimita. Ukikokotoa offset (umbali wa nyundo hadi jiofoni) kwa suchw, usigawanye kwa 100, maana nusu mita zitapotea. Kasi itatoka kwa sentimita kwa sekunde, utaigawanya mwenyewe mwishoni.

Na kwa kuwa huko ni mawe ya chokaa kama ya Amboni: njia hii ya kutafuta mwamba kwa mawimbi yanayopinda (refraction) hudhani kasi inaongezeka kadiri unavyoshuka. Pango lililo chini ya mwamba mgumu halitaonekana, hata faili liwe safi namna gani.