Mtoto Aliyepona Saratani Si Mzembe

Wiki hii mama mmoja wa Mbeya ameniandikia. Mwanawe amemaliza matibabu ya saratani ya damu, nywele zimeota, anacheza na wenzake kama kawaida, ila darasani amekuwa mzito na mwalimu anataka arudishwe darasa la chini. Ananiuliza, "Dada, au mwanangu ametupiwa kitu?"

Hapana, mama. Hajatupiwa kitu. Binti yangu alitibiwa saratani hiyohiyo pale Muhimbili, na haya yote nimeyaishi.

Dawa nyingi za dripu hazipenyi vizuri kwenye ubongo, na seli za saratani hupenda kujificha hukohuko. Ndiyo maana watoto wetu huchomwa ile sindano ya mgongoni: dawa iitwayo methotreksati inapitishwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili ifike kichwani. Inaokoa maisha, na ningekubali tena achomwe hata leo. Lakini kwa baadhi ya watoto inaacha alama kwenye umakini, kumbukumbu ya papo hapo na kasi ya kufikiri. Waliopigwa mionzi ya kichwa huathirika zaidi, hasa wakiwa wadogo. Na alama hizo zinaweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye, wakati ndugu wote wameshashukuru Mungu na kusahau.

Kwangu nilianza kuziona dukani. Namtuma sukari nusu, kiberiti na sabuni ya mche. Anarudi na sukari tu, anasimama mlangoni na chenji mkononi, ananitazama machoni akijaribu kukumbuka. Saba mara nane anaijua, ila jibu linamjia wenzake wakiwa wameshahamia swali jingine. Ubaoni alikuwa bado ananakili mstari wa pili, mwalimu anafuta.

Mwalimu mmoja alimwita mzembe mbele ya darasa zima. Mtoto aliyevumilia sindano za mgongo bila kulia! Miaka imepita na bado linanichoma.

Nilihama naye shule. Huko nilienda na barua ya daktari, nikakaa na mwalimu mkuu, nikaeleza. Akawekwa dawati la mbele, akaruhusiwa kumalizia kunakili wakati wa mapumziko. Nyumbani nikawa namwagiza kitu kimoja, akimaliza ndipo namwagiza kingine. Vikizidi, naandika kwenye karatasi. Mwaka huu binti yangu yuko kidato cha kwanza. Naandika hivi nikiwa na fahari, na sitaificha.

Wazazi wenzangu, acheni kuwachapa watoto hawa. Acheni kuwalinganisha na wadogo zao. Fimbo haiongezi kasi ya ubongo, inaongeza woga, na mtoto mwenye woga husahau zaidi. Mpeni muda. Narudia: mpeni muda. Mkienda kliniki msiishie kwenye kipimo cha damu, mwambieni daktari na habari za shule. Kama alipewa sisiplatini, ombeni apimwe masikio pia, maana dawa hiyo ya saratani inaweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mjinga bure.

Kwa wenye watoto wa darasa la saba: Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Mwoneni mwalimu mkuu mapema, wakati wa usajili, barua ya hospitali ikiwa mkononi. Msisubiri wiki ya mtihani.